Kambi ya likizo, watoto na udongo: shida karibu zote ni maji

Kila likizo ya Juni ikikaribia simu yangu inajaa meseji za walimu wenzangu na wazazi wanaotaka kufungua kambi ya sanaa shuleni au uani kwao, na swali la kwanza karibu wote ni lilelile, ticha tununue udongo gani na tuupate wapi. Nitalijibu, ila mimi huwa naanzia kwingine: maji mmejipanga nayo vipi? Maana huku kufundisha watoto kufinyanga hapa Dar nimeona nyufa za kila aina, masikio ya sungura yanadondoka, kikombe kimelipuka ndani ya tanuru, mtoto analia mzazi kanuna, na ukichimba chanzo unakuta ni maji tu. Yalikuwa mengi mno wakati wa kufinyanga, au yaliisha upande mmoja kabla ya mwingine, au moto uliwashwa hayajaisha. Basi.

Haya, udongo wenyewe. Ile plastisini ya rangi rangi ya maduka ya vifaa vya shule ni sawa kwa wale wa chekechea, haikauki, haichomwi, unaibonda kesho unaanza upya, sina ugomvi nayo. Ila kama unataka mtoto atoke na kitu cha kudumu tafuta udongo wa mfinyanzi, na njia rahisi ni kwenda kwa mama anayefinyanga vyungu kwa biashara ukanunua kwake, usichimbe mwenyewe kwa kubahatisha, yeye bonde lake analijua. Ukiupata upime: viringisha kikamba cha unene wa kidole, kizungushe kwenye kidole gumba chako. Kikipasuka pasuka mgongoni, huo udongo hauna unato, watoto watateseka nao. Kikinata mikononi kama ugali ambao haujaiva, una maji mengi, uache upumue kidogo. Wapo wanaokimbilia udongo mweupe wa Pugu kwa kuwa uko karibu na una jina, sawa, ile kaolini ina kazi zake nyingi, lakini peke yake haishikamani vya kutosha kwa mikono ya mtoto, ichanganye na udongo wa bondeni.

Ukija na mabonge usikimbilie kuyamwagia maji. Yaanike yakauke kabisa, yaponde, ndipo uyatumbukize kwenye ndoo, maana udongo mkavu kabisa unakunywa maji na kumumunyuka wenyewe, ila ule wenye unyevunyevu unagoma, utaukoroga wiki nzima bonge bado bonge. Ukishakuwa uji uchuje kuondoa mawe na mizizi, uache utuame, mwaga maji ya juu, kisha utandaze kwenye shuka kuukuu mpaka uanze kuachia kitambaa. Hapo ongeza mchanga laini au vigae vya vyungu vilivyosagwa, mimi naweka kama kopo moja kwa makopo matano ya udongo. Vigae vimeshachomwa kwa hiyo havisinyai tena, na vile vipunje vinaacha vinjia vya maji kutokea. Kina mama wafinyanzi wamefanya hivi toka enzi hizo.

Kukanda waachie watoto. Wanapiga, wanakata, wanaangusha mezani, kelele mpaka jirani anachungulia, lakini ukiwaambia ni mashindano ya kutafuta kijiwe kilichojificha watakukandia udongo wa wiki nzima bure.

Sasa sheria yangu ambayo walimu wengi wananibishia: siku ya kwanza mezani hakuna bakuli la maji. Hakuna kabisa. Mtoto akiona maji anachovya, kidole kikichovya kinateleza vizuri, anachovya tena, dakika kumi baadaye ana tope na kikombe kimelala chali. Akiona kiufa anadhani dawa yake ni maji, kumbe maji yanaziba juu tu na kulegeza chini, dawa ya ufa ni kuubana na kuusugua kwa kidole. Nampa kila mmoja kipande cha sponji kilichokamuliwa, kiasi cha kulowesha ncha za vidole, na bonge linalojaa kiganja chake, sio changu. Anatumbukiza kidole gumba katikati, anazungusha huku anabana, anazungusha anabana, mpaka kinakuwa kikombe. Wa miaka mitano sita hicho kinawatosha kwa siku nzima na wala usiwaharakishe. Wakubwa wanafanya viwili, na hivyo viwili tutavitumia, subiri.

Wazazi huwa wananiuliza, mwalimu gurudumu liko wapi? Wameona video zile mikono inapanda na udongo unapanda, wanaamini ufinyanzi ndio huo. Kwa kambi ya siku tano gurudumu ni foleni tu, mtoto mmoja anatumia, wengine wamekaa wanarushiana matope, na linataka maji mengi, yaani adui yetu yuleyule. Halafu ufinyanzi mkubwa wa huku kwetu umesimama bila gurudumu. Kina mama wa Kikisi kule Ikombe, Ziwa Nyasa, vyungu vyao vinapakiwa kwenye mitumbwi mpaka soko la Lyulilo jirani na Matema, vyote kazi ya mkono. Ladi Kwali wa Nigeria, ambaye picha yake ipo kwenye noti ya naira 20, alipata sifa duniani kwa mitungi ya kujenga kwa kamba za udongo. Na Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, ambaye miaka ya 1970 alikwenda kujifunza kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja alikokuwa Ladi Kwali, mpaka leo anajenga kwa mkono, na kazi zake zimo kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Nawaonyesha watoto picha za kazi hizo kwenye simu, ile noti hasa inawashika, mfinyanzi yuko kwenye hela! Baada ya hapo hakuna anayenikumbusha gurudumu, wazazi ndio wanaendelea.

Kuunganisha ndipo penye mafunzo yenyewe. Kuna binti alikuwa anatengeneza bajaji, na aliitaka bajaji kweli, yenye usukani, kioo cha pembeni na abiria mwenye mfuko wa Rambo. Magurudumu matatu akayabandika kwa kuyakandamiza tu, akainua, moja likabaki mezani. Akalirudisha kwa mate (ndiyo, mate). Likabaki tena. Nikamkalisha nikampa uma wa plastiki: kwaruza hapa, kwaruza na kule, mistari ipishane, paka uji wa udongo uleule, sio maji matupu, bandika huku unachezesha kidogo mpaka uhisi linakataa kusogea, halafu viringisha kinyoka chembamba ukizungushe kwenye kiungio, ukisugue kiingie pande zote mbili. Akafanya gurudumu la pili mwenyewe ulimi nje, la tatu akawa anamfundisha mwenzake, tena kwa ukali kuliko mimi. Yule abiria nilimwambia amtengeneze siku hiyohiyo na amfunike pamoja na bajaji, kwa sababu vipande viwili vinatakiwa viwe na unyevu sawa wakati vinakutana. Ukibandika kichwa kibichi kwenye mwili uliokauka, kibichi kitaendelea kusinyaa na mwenzake ameshamaliza, kitajichana chenyewe usiku mmelala, hata ukikwaruza namna gani.

Kusinyaa sio mchezo, udongo mwingi unapungua kama sehemu moja ya kumi mpaka unamaliza kuchomwa, mingine zaidi. Waambie watoto mapema, la sivyo siku ya kuchukua kazi utasikia "ticha hii sio yangu, yangu ilikuwa kubwa".

Tuje kwenye milipuko. Karibu kila mtu amefundishwa kwamba kazi hupasuka tanuruni kwa sababu ya viputo vya hewa. Hewa inasingiziwa bwana. Kazi yenye uwazi ndani, ikiwa imekauka kweli na ina katundu hata ka sindano, inachomeka vizuri kabisa, na bonge lisilo na kiputo hata kimoja lakini bado bichi katikati litaruka vipande. Kinacholipua ni mvuke: maji yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, mvuke unataka nafasi kubwa sana kuliko maji, ukikosa njia unaitengeneza. Ndiyo maana naupigia kelele unene. Kwa watoto sivuki unene wa kidole, na sanamu yoyote yenye ukubwa wa ngumi kwenda juu lazima iwe tupu ndani.

Vile vikombe viwili vya jana basi: kwaruza midomo, paka uji, vifumbate uso kwa uso, umepata mpira wenye hewa ndani ambao unaweza kuugongagonga uwe kiboko, kuku, kichwa cha babu, chochote, na hautabonyea kwa sababu ile hewa inausukuma kwa ndani. Ukimaliza kuunda toboa tundu sehemu isiyoonekana. Mbinu ya kuacha sanamu tupu ndani ni ya kale sana. Lydenburg, Afrika Kusini, mji ambao siku hizi unaitwa Mashishing, kulipatikana vichwa saba vya udongo wa kuchoma, vina zaidi ya miaka 1,400, viwili ni vikubwa kiasi cha mtu kuingiza kichwa chake ndani. Na aliyeviona kwanza ni mtoto wa shule, miaka ya 1950! Hiyo hadithi nawapa saa ya juisi, wakirudi mezani kila mtu anataka kutengeneza kichwa, na vichwa vyao sio vya mchezo, wanaweka makovu, hereni, meno yaliyong'oka. Wewe usiguse. Nasema hivi kwa sababu wasaidizi wa kambi wana mkono unaowasha, mtoto kaweka jicho moja juu moja chini, dada anapita "ngoja nikurekebishie", pale pale kazi inakuwa ya dada. Na usiweke sampuli yako mezani, watainakili wote na utapeleka nyumbani kasa ishirini wanaofanana.

Ratiba inafuata maji. Kazi nene na kubwa zianze Jumatatu, Alhamisi na Ijumaa bakiza vitu vidogo, shanga, vibao vyembamba vya kuchapia majani ya mwarobaini. Nimeona ratiba za watu sanamu kubwa imewekwa siku ya mwisho kama kilele cha kambi, hapo unajitafutia lawama.

Juni hapa pwani upepo wa kusi unapuliza na watu wanafurahi kwamba kazi zitakauka haraka. Haraka ndiyo mbaya. Mkono wa kikombe unakauka asubuhi, kitako bado kibichi, ufa huo hapo. Funika na nailoni siku mbili za kwanza, mikono na masikio yafungie kipande chake cha ziada, weka kazi juu ya gazeti ili kitako kiweze kujivuta kinaposinyaa, kivulini, na uzigeuze. Kujua kama imekauka weka shavuni. Ikiwa ya baridi kuliko hewa, bado ina maji. Watoto wanalipenda hili zoezi, utawakuta wamejipanga kila mtu kajibandika kiboko shavuni.

Kwa hiyo Ijumaa huna kazi ya kumkabidhi mzazi, na hilo liandike kwenye fomu toka mwanzo, kazi zitatoka wiki mbili tatu baadaye, wanaolipa wanakasirika kidogo halafu wanazoea. Ukiwa na tanuru la umeme liache usiku kucha chini ya nyuzi 100 kifuniko wazi kidogo, kisha panda polepole. Yapo maji mengine yamejifunga ndani ya udongo wenyewe, yanatoka kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, na yakishatoka ndipo udongo haurudi tena kuwa tope hata ukiuloweka mwaka. Kwenye nyuzi 573 chembe za kwatzi, yale madini magumu ya mchanga yaliyomo kwenye udongo, zinatanuka ghafla, wakati wa kupoa zinasinyaa hapohapo, kwa hiyo usifungue tanuru kwa kiherehere. Huna tanuru, choma kwa kuni na nyasi kama kina mama, moto wa wazi mara nyingi unacheza kati ya 600 na 900, zipashe kazi joto kwanza pembeni ya moto mpaka ziwe za moto kweli, ndipo uzifunike na kuni. Watoto wakae mbali, waangalie. Vitatoka na mabaka meusi, mimi nayapenda kuliko rangi za dukani. Ila kikombe cha hivi ni cha kalamu, sio cha chai, kinavuja, na kama mmepaka rangi ya kopo ndiyo kabisa msikinywee.

Mwisho usafi. Usifagie vumbi la udongo likiwa kavu, lina silika, yaani chembe laini mno za madini ya mchanga, na mapafu hayaipendi, ya mtoto wala yako, futa kwa kitambaa kibichi. Mikono ioshwe kwenye ndoo ya kwanza, isuuzwe kwenye ya pili, kesho yake maji ya juu unamwagia maua, udongo uliotuama chini unaurudisha kwenye pipa la makombo pamoja na kazi zilizovunjika kabla ya kuchomwa, zikilowa ni udongo wa kambi ijayo. Sinki usimwagie hata tone, labda kama fundi bomba ni shemeji yako na unataka kumpa riziki.