Mtazamaji ajue lini? Siri ya mhusika katika filamu zenye tuzo

Skripti nyingi ninazopewa nizisome zina mhusika mwenye mkasa wa kutosha: kafiwa, kasalitiwa, anakimbia jambo alilolitenda. Kinachoziua ni kwamba mkasa huo wote unamwagwa ndani ya kurasa kumi za mwanzo. Mtazamaji anatakiwa amhurumie mtu ambaye bado hajamwona akifanya lolote, na huruma ya kuombwa namna hiyo haifiki mbali. Filamu kadhaa bora zilizotuzwa hufuata mpangilio mwingine. Mhusika anaonekana kwanza akitenda, tunamhukumu, ndipo sababu inakuja, tena inakuja mahali pale tu inapomzuia kufanya uamuzi.

Tazama Manchester by the Sea ya 2016, iliyompa Kenneth Lonergan Oscar ya skripti asilia. Lee Chandler ni mtunza majengo: anazibua vyoo, anazoa theluji, anamjibu mpangaji kwa matusi. Akiwa baa, mwanamke anajaribu kuzungumza naye na yeye hamjali. Muda mfupi baadaye anawapiga ngumi wanaume wawili kwa kosa la kumtazama. Hakuna anayetueleza chochote, kwa hiyo tunajiamulia wenyewe kwamba huyu ni mkorofi. Kaka yake anafariki, Lee anarudi mji wa kwao, na filamu inakaribia saa nzima ndipo anapokaa mbele ya mwanasheria na kusikia kwamba wosia umemteua mlezi wa Patrick, mtoto wa kaka yake, na kwamba anatarajiwa kuhamia pale. Hapo ndipo kisengerenyuma, yaani tukio la zamani linaloonyeshwa katikati ya hadithi, kinaingia, kikifumwa ndani ya mazungumzo yenyewe: usiku ule alipokwenda kununua bia bila kuweka kikinga cheche mbele ya meko, nyumba ikateketea, watoto wake watatu wakafa.

Kwa nini hapo na si kwingine? Kwa sababu ofisini mle Lee anatakiwa aseme ndiyo au hapana, na moto ule ndio unaomzuia kusema ndiyo. Habari ya zamani imekuwa kizuizi cha sasa. Ingewekwa mwanzoni, zile ngumi za baa zingekuwa dalili ya huzuni tu. Ikiwekwa pale, mtazamaji analazimika kurudi nyuma na kuipima upya hukumu aliyoitoa. Kazi hiyo ya kujisahihisha ndiyo inayomfunga kwa mhusika, kuliko machozi yoyote yanayoonyeshwa kwenye skrini.

Unapoandika, chukua kadi moja kwa kila siri ya mhusika na ujaze mambo manne: siri yenyewe, anayeijua, tukio ambalo swali kuhusu siri hiyo linazaliwa kwa mtazamaji, na tukio ambalo jibu linagongana na uamuzi. Kipengele cha nne kikikosa jibu, ulichonacho ni wasifu tu. Kiache kwenye daftari lako. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja, kwa hiyo umbali kati ya swali na jibu unaweza kuupima. Ukiwa chini ya kurasa kumi, taharuki haina muda wa kukua. Ukizidi thelathini, mkumbushe mtazamaji kwamba swali bado lipo, angalau mara moja kila kurasa kumi na tano hivi, na umkumbushe kwa kitendo: mhusika anakwepa mtaa fulani, au hagusi chumba fulani. Kabla ya jibu, mimi hudai vitendo visivyopungua vitatu ambavyo vitabadilika maana jibu likishajulikana.

Kuna suala la haki, na hapa waandishi wengi huteleza. Ukimficha mtazamaji jambo ambalo mhusika tunayemfuata analiwaza kila dakika, bila kuacha alama yoyote, akija kujua atahisi ametapeliwa. A Separation ya Asghar Farhadi, iliyopata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2011 na Oscar ya filamu ya kigeni mwaka uliofuata, inaonyesha njia safi. Razieh, mjamzito, ameajiriwa kumtunza mzee mwenye maradhi ya kusahau. Mzee anatoka nje peke yake, Razieh anamkimbilia hadi barabarani penye magari, na picha inakatwa. Tukio linalofuata liko nyumbani, maisha yanaendelea. Baadaye Nader, mwajiri wake, anamsukuma nje ya mlango, mimba inaharibika, na kesi nzima inazunguka ule msukumo. Ni mwishoni tu tunapojua kwamba siku ile barabarani Razieh aligongwa na gari. Farhadi hakudanganya. Alituonyesha barabara, magari na hofu ya mama yule. Alichoondoa ni sekunde chache. Na jibu linatumika palepale uamuzi ulipo: fidia iko tayari kulipwa, Nader anamtaka Razieh aape kwa Kurani, naye hawezi.

Moonlight, filamu bora ya Oscar kwa mwaka 2016, haifichi siri bali inaruka miaka. Ina sehemu tatu, na Chiron anachezwa na waigizaji watatu ambao mwongozaji Barry Jenkins hakutaka wakutane wakati wa upigaji picha. Juan, aliyemlea kama baba, anakufa kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, na tunajua kwa kutajwa tu. Katika sehemu ya tatu Chiron amekuwa muuza dawa za kulevya, na kwenye dashibodi ya gari lake kuna taji kama lililokuwa kwenye gari la Juan. Taji hilo linabeba miaka yote ambayo hatukuonyeshwa.

Parasite, filamu ya Korea Kusini ya Bong Joon-ho, inageuza mpango wenyewe. Kwa nusu ya kwanza tunajua kila hila ya familia ya Kim, maskini wanaojipenyeza kazini katika nyumba ya matajiri, tunashirikiana nayo, mpaka kengele ya mlango inapolia usiku wa mvua. Tunagundua hatukuijua nyumba ile, sisi na wao kwa pamoja.

Makosa ninayoyaona zaidi ni mawili. La kwanza ni ndugu wawili kuelezana jambo ambalo wote wanalijua. Mpe mmoja sababu ya kulitumia jambo hilo kama silaha, au liondoe. La pili ni la uigizaji: mwigizaji anaijua siri, basi anaibeba usoni tangu tukio la kwanza, macho mekundu, sauti ya chini. Mwongozaji amwelekeze acheze juhudi za kuificha: kazi nyingi, mzaha, hasira ya haraka.

Kabla ya kupiga picha, toa kwenye skripti ukurasa wa ufunuo, yaani pale siri inapojulikana, kisha skripti iliyobaki umpe msomaji asiyeijua hadithi. Mwombe aweke alama kila mahali ambapo kitendo cha mhusika kimemshangaza. Alama zikijikusanya kabla ya ufunuo, rudisha ukurasa ulipokuwa. Zikitokea baada yake tu, ufunuo umekuja mapema: usogeze mbele hadi kwenye uamuzi unaofuata, kisha umpe msomaji mwingine.