Hole in the Wall: mapigo sita ya kupishana

Mtu akiniomba dansi moja ya kuanzia katika zile za Kiingereza za mistari miwili, humpa Hole in the Wall. Hakuna kuruka wala mbwembwe za miguu, ni kutembea tu. Muziki wake ni wa Henry Purcell, aliyeutunga kwa ajili ya tamthilia ya Abdelazer, mwaka 1695. Ugumu upo, ila haumo miguuni.

Simameni mistari miwili, kila mtu akimkabili mwenzake. Mkigeuka kuwatazama wapiga muziki, wanaume wawe kushoto na wanawake kulia. (Siku hizi vikundi vingi havijali. Ukisimama kushoto, wewe ni wa kushoto, basi.) Kuanzia juu, yaani walipo wapiga muziki, watu wanne wanne washikane mikono: jozi iliyo juu ni ya kwanza, inayofuata ni ya pili.

Jozi ya kwanza hugeukia nje, kila mmoja upande wake, hupita nyuma ya jozi ya pili, hukutana chini yake na kupanda katikati hadi mahali pake. Jozi ya pili hufanya vivyo hivyo kuelekea juu. Kisha mwanamume wa kwanza na mwanamke wa pili hubadilishana nafasi kimshazari, na wale wawili waliobaki hufuata. Wote wanne hushikana mikono, huzunguka nusu duara kwa kushoto na kujikuta walikoanzia. Mwisho, jozi ya kwanza hushuka kwa nje huku ya pili ikipanda katikati.

Utamu wote uko kwenye ule mshazari. Muziki huenda kwa mapigo matatu mapana, na kila kupishana kumepewa mapigo sita, ilhali njia yenyewe ni ya hatua tatu. Mgeni hufika mapema, akasimama kama anayengoja daladala. Mzoefu huipinda njia: huanza bila haraka, humpisha mwenzake bega la kulia kwa bega la kulia huku wakitazamana, kisha hugeuka angali anatembea, pigo la sita likamkuta ndiyo kwanza anatua. Kwangu mimi, anayetazama sakafu hapo hajaicheza dansi hii, hata asipokosea hatua.

Kila mzunguko jozi za kwanza hushuka nafasi moja na za pili hupanda moja, kwa hiyo kila mara mnakutana na jirani mpya. Zikiwa jozi sita, mzunguko wa kwanza ukiisha, moja hubaki peke yake juu na moja chini. Hizo hupumzika mzunguko mmoja, kisha hubadili namba: iliyofika juu inakuwa ya kwanza, iliyofika chini inakuwa ya pili. Wanaopumzika ndio hunivurugia mstari, maana huanza kupiga soga. Huwa nawaambia watazame jozi inayowajia na wawe tayari kuipa mikono.