Mvuke wa tina ukishavutwa unaenda wapi mwilini?

Fundi rangi akimaliza kupuliza gari utasikia anaagiza maziwa, eti yanasafisha kifua. Imani ya siku nyingi hiyo na wanaoisema sio wajinga, ila maziwa yanaenda tumboni na tina, yani kile kimiminika cha kuzimulia rangi, mvuke wake haujapita huko, alafu hata kifuani kwenyewe haujakaa, ulipita tu.

Iko hivi. Ndani ya tina mara nyingi kuna tolueni, kiyeyushi, yani kazi yake kuyeyusha rangi na mafuta, na inakauka haraka kwa kugeuka mvuke. Ukiuvuta unafika mpaka kwenye vile vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu, pale ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kuliko karatasi yoyote unayoijua, na tolueni inapenda damu kuliko hewa kwahiyo inavuka bila hodi. Ukiwa umetulia karibu nusu ya unayovuta inabaki mwilini. Ukifanya kazi nzito unahema zaidi, moyo nao unakimbiza damu, kiasi kinachoingia kinapanda, ndio maana dogo anayesugua msasa chumba hichohicho anaweza kuingiza nyingi kuliko bosi aliyekaa mlangoni. Na kile kitambaa cha kujifunga puani kinazuia vumbi tu, mvuke unapita, labda uvae barakoa yenye kichujio cha mkaa maalum.

Kutoka kwenye damu inakimbilia ubongo, maana ubongo una mafuta na unapata damu nyingi, hapo ndio kizunguzungu na kile kilevi. Baadae inaingia kwenye mafuta ya mwili taratibu na kutoka huko ni taratibu vilevile, kama nguo iliyofukizwa udi, chetezo kimezimika jana lakini harufu bado ipo.

Kutoka sasa. Sehemu, inaweza kufika asilimia 20, inarudi na pumzi kama ilivyoingia, ndio maana mtu ameshaoga na bado akihema unasikia tina. Nyingi iliyobaki inachukuliwa na ini, inaigeuza hatua kwa hatua mpaka asidi ya benzoiki, inaunganishwa na glisini (asidi amino ndogo iliyomo mwilini) inakuwa asidi ya hipuriki ambayo inayeyuka kwenye maji, figo zinaitoa na mkojo. Kubwa yake inatoka ndani ya siku moja hivi, ile ya kwenye mafuta inachukua siku kadhaa, na kama unapuliza kila siku basi kesho unaongezea juu ya ya jana. (Kichekesho ni kwamba soda yenye benzoeti ya kuhifadhi nayo inatoa asidi ya hipuriki, kwahiyo kipimo cha mkojo kinachotafuta asidi hiyo ili kujua nani kavuta tolueni kinaweza kumsingizia mnywa soda.) Bia baada ya kazi ndio mbaya zaidi, pombe inalishughulisha ini lilelile na tolueni inakaa kwenye damu muda mrefu.

Na usidhani ini likigeuza kitu lazima kiwe salama. Heksani, kiyeyushi kingine kinachopatikana kwenye baadhi ya gundi za viatu, ikipita kwenye ini inatoka sumu kuliko ilivyoingia, na sumu hiyo inashambulia mishipa ya fahamu ile mirefu kwanza, kwahiyo fundi viatu anaanza kuhisi ganzi kwenye vidole vya miguu, sio kifuani.