Je, wajua kwa nini kuta za Pompeii zilijaa maandishi?

"Ewe ukuta, nashangaa hujaporomoka, kwa jinsi ulivyobebeshwa upuuzi wa waandishi wengi." Aliyekwaruza maneno haya kwenye Basilika (jengo la mahakama na biashara) ya Pompeii, Italia, alilalamikia uchafuzi huku naye akiongeza mistari yake. Yameonekana pia kwenye ukumbi wa maigizo na kwenye uwanja wa mapigano, hivyo huenda ulikuwa utani uliozoeleka mjini.

Katika mji huo wa Kirumi yamehesabiwa maandishi zaidi ya 11,000. Sababu ya kwanza ni vifaa. Papiri, yaani karatasi ya mafunjo, iligharimu fedha, na mambo ya kila siku watu waliyaandika kwenye vibao vya nta kwa kijiti chenye ncha kali. Mwenye kijiti hicho mkononi, akisimama mbele ya ukuta wenye lipu laini ya chokaa, alikuwa na kila anachohitaji. Wala si vichochoroni tu: hata ndani ya nyumba za matajiri watu walikwaruza salamu, mahesabu na mashairi.

Kwenye ukuta wa baa moja, Severus anatangaza kwamba Successus, mfumaji, anampenda Iris, mjakazi wa mwenye baa, ila binti mwenyewe hamtaki. Successus anajibu hapohapo kwamba mwenzake ana wivu tu, asishindane na mtu anayemzidi sura. Severus hanyamazi: nimeshasema, nimeshaandika, Iris hakupendi.

Matangazo yalikuwa jambo jingine. Hayo yalipakwa kwa brashi, kwa rangi nyekundu au nyeusi, na mafundi wa kazi hiyo. Mmoja wao, Aemilius Celer, kwenye tangazo la mapambano ya magladieta (wapiganaji wa uwanjani) aliacha sahihi: ameandika peke yake, kwa mwanga wa mbalamwezi. Uchaguzi wa viongozi wa mji ulifanyika kila mwaka, kwa hiyo kampeni za zamani zilifunikwa kwa chokaa na mpya zikaandikwa juu yake. Mgombea aitwaye Vatia alipata wadhamini wa ajabu: vibaka, wanywaji wa usiku wa manane, na "wote waliolala". Kwangu mimi, hiyo ni kazi ya wapinzani wake.

Sababu ya pili ni kuhifadhika: miji mingine ya Kirumi nayo iliandikwa, lakini kuta zake zilibomolewa au kupakwa upya. Za Pompeii zilifukiwa na majivu ya mlima wa volkano Vesuvius mwaka 79 BK. Uchimbaji ulioanza 1748 ukazirudisha kwenye jua na mvua, na maandishi mengi leo yamebaki katika nakala za wataalamu tu.

Mwaka 2018 yalipatikana maandishi ya mkaa yenye tarehe ya 17 Oktoba, bila mwaka, katika nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa mji ulipofukiwa. Wachimbaji walidhani kwamba mkaa hufutika upesi, hivyo huenda yaliandikwa muda mfupi kabla ya mlipuko. Kwa muda mrefu vitabu vilisema mlima ulilipuka 24 Agosti, tarehe ambayo maandishi hayo yanaitilia shaka.