Miwani ya upasuaji haioni ndani ya pafu

Nikirudi nyumbani Malindi sikosi wa kuniuliza barazani: daktari, hiyo miwani ya kisasa inaona ndani ya kifua? Haioni. Inaonyesha picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayopiga mwili tabaka kwa tabaka, iliyopigwa kabla, ambayo kompyuta imeigeuza kuwa umbo la mishipa, njia za hewa na kivimbe chenyewe, kisha ikalilaza juu ya kile tunachokitazama wakati wa upasuaji. Wengine hutumia skrini ya kamera badala ya miwani. Huo ndio uhalisia ulioongezwa.

Kwenye mifupa kazi ni nyepesi. Pafu ndilo tabu. CT hupigwa mgonjwa akiwa amevuta pumzi akaizuia, lakini siku ya upasuaji daktari wa usingizi hupitisha mpira wenye njia mbili, pafu moja lipumue na tunalolipasua lisinyae. Chora ramani juu ya tanga lililojaa kusi, kisha litue: mistari yote ipo, ila hakuna uliobaki mahali pake. Kivimbe kidogo kilicho laini hata kidole hakikipati.

Basi mimi huiamini picha hiyo kwenye shina la pafu, mishipa inapoingilia, maana pale hapahami sana. Kuelekea pembeni imani hunipungua.

Kwa nini tuhangaike? Mwaka 2022 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Japani: saratani ya pafu isiyozidi sentimita 2 ikiwa pembeni, kutoa kipande tu cha pafu chenye saratani hakukufupisha maisha ya wagonjwa kuliko kutoa sehemu nzima, yaani moja ya zile sehemu kubwa zinazounda pafu. Lakini mpaka wa kipande hauonekani kwa macho. Hapo tunaibana ateri yake, tunaingiza dawa ya indosianini kwenye mshipa wa mkono, na kwa kamera maalumu pafu lingine lote linang'aa kijani. Kipande kile kinabaki cheusi. Hili ni pafu la sasa hivi, si la wiki iliyopita, ndiyo maana nalipenda zaidi.

Kuna jambo picha hailisemi vizuri: TB ya zamani. Pafu hunata kwenye ukuta wa kifua, tezi ngumu zikashikana na ateri, na kuzibandua ni kazi ya mkono na subira. Kwa hiyo anayetoka Malindi kwenda kupasuliwa Mombasa au Nairobi, kama aliwahi kutibiwa TB aseme, hata iwe miaka 30 nyuma. Na abebe CD yenye picha zenyewe. Ripoti ya karatasi kompyuta haiwezi kuijengea chochote.