Barua za Waasisi wa Marekani: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Kila ikikaribia Julai, kwenye makundi ya WhatsApp huzunguka picha ya karatasi ya rangi ya chai, inayodaiwa kuwa Azimio la Uhuru la Marekani, kingo zimeliwa, na chini yake sahihi chungu nzima. Maelezo husema: "Hii ndiyo hati iliyosainiwa tarehe 4 Julai 1776." Sentensi fupi, lakini ina makosa kuanzia kwenye lile neno "hii".

"Walisaini tarehe 4 Julai"

Kongresi, yaani mkutano wa wajumbe wa makoloni uliokaa Philadelphia, ilipiga kura ya kujitenga na Uingereza tarehe 2 Julai. Tarehe 4 yakapitishwa maneno ya Azimio la Uhuru, na usiku huohuo mchapaji John Dunlap akaingia mtamboni. Nakala zake zinazojulikana leo ni 26, na hakuna hata moja yenye sahihi. Zina majina mawili tu ya kuchapwa, la mwenyekiti John Hancock na la katibu Charles Thomson.

Hati kubwa ya mwandiko wa mkono iliagizwa tarehe 19 Julai. Karani akaiandika kwa wino juu ya ngozi ya mnyama (wanaodai ni karatasi ya bangi wanajifurahisha tu), na wajumbe wengi wakaisaini tarehe 2 Agosti. Wengine walichelewa zaidi. Januari 1777 Mary Katherine Goddard, mwanamke aliyekuwa mchapaji na msimamizi wa posta wa Baltimore, alichapa kwa mara ya kwanza Azimio pamoja na orodha ya waliosaini. Jina la Thomas McKean wa Delaware halimo. Kwenye ngozi lipo. Maana yake alitia saini baada ya orodha ile kuchapwa.

John Adams, mjumbe wa Kongresi hiyo aliyekuja kuwa rais wa pili, mwenyewe aliamini siku ya kukumbukwa ni tarehe 2. Siku iliyofuata alimwandikia mkewe, Abigail, kwamba vizazi vijavyo vitaiadhimisha kwa magwaride, michezo, mizinga, kengele na mioto. Sherehe alizipatia zote, siku ndiyo iliyompiga chenga. Baadhi ya waliokuja kuichapisha barua hiyo wakaona haya, wakabadili tarehe ili ilingane na sikukuu. Asili ya mkono wa Adams bado inasema tarehe 2.

Na ile habari kwamba Hancock aliandika jina lake kubwa ili Mfalme George wa Uingereza alisome bila miwani? Tamu, lakini ushahidi wake hakuna. Mchoro wa John Trumbull ulio nyuma ya noti ya dola 2 nao si wa kusaini. Unaonyesha rasimu ikiletwa mezani.

"Ikiwa kuukuu na ya manjano, ndiyo yenyewe"

Hati yenyewe imefifia mpaka sahihi nyingi hazisomeki. Kuanzia 1841 ilitundikwa katika jengo la Ofisi ya Hataza (inayosajili uvumbuzi) mjini Washington, mkabala na dirisha, ikakaa hapo miaka 35 ikipigwa na mwanga. Maandishi meusi yaliyokolea unayoyaona vitabuni kwa kawaida yametokana na bamba la shaba la William Stone, aliyemaliza kulichonga 1823.

Rangi ya manjano isikudanganye. Karatasi za karne ya 18 zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na nyingi bado ni nyeupe na imara kuliko gazeti la mwaka juzi. Anayejua kazi hii huinua karatasi kwenye mwanga na kutafuta mistari iliyoachwa na waya za kalibu, pamoja na alama ya kiwanda ndani ya karatasi. Ile inayokwaruza kama chapati iliyokaushwa, ya kuuzwa kwa watalii, haina hayo.

Hata hivyo bahati zipo. Mwaka 1989 mtu mmoja alinunua picha kwa dola 4 kwenye soko la mitumba huko Pennsylvania kwa sababu alipenda fremu yake. Nyuma ya picha ilikunjwa nakala ya Dunlap. Mwaka 1991 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.4.

"Ina jina la Washington, basi kaiandika Washington"

George Washington aliongoza jeshi katika vita vya uhuru, kisha akawa rais wa kwanza. Wakati wa vita barua zake nyingi ziliandikwa na wasaidizi, Alexander Hamilton akiwamo, na yeye Washington akaweka sahihi. Hotuba yake ya kuaga hakuihutubia popote. Ilitoka gazetini Philadelphia tarehe 19 Septemba 1796. James Madison alikuwa amemwandalia rasimu mwaka 1792, Hamilton akaisuka upya, na Washington akaipitia na kuinakili kwa mkono wake. Sasa sema ni ya nani. Mimi naona ni yake, kwa kuwa ndiye aliyeamua kipi kibaki na kipi kifutwe.

Za kughushi nazo zilikuwepo angali hai. Mwaka 1777 zilichapwa London barua zilizodaiwa kuwa zake, zikimwonyesha kama mtu asiyeuamini uhuru anaoupigania. Ilidaiwa zilikutwa kwenye mizigo ya mtumwa wake, William Lee, aliyekamatwa na Waingereza. Washington alinyamaza karibu miaka 20. Tarehe 3 Machi 1797, kesho yake akiwa anakabidhi madaraka, ndipo alipomwandikia waziri wake Timothy Pickering kuzikana: Lee hakuwahi kuwa mikononi mwa adui hata dakika moja, wala mizigo yake yeye haikutekwa. Uongo wote ule ulisimama juu ya mtumwa ambaye hakuna aliyefikiria kumuuliza.

"Zilikuwa siri za watu wawili"

Bahasha hazikuwa za kawaida. Ukurasa ulikunjwa na kufungwa kwa lakiri, na mara nyingi aliyepokea ndiye aliyelipa nauli ya posta. Njiani lolote lingeweza kutokea. Julai 1775 Adams alimwandikia James Warren, akamsema vibaya mjumbe mwenzake, John Dickinson, bila kumtaja jina. Waingereza wakaikamata, gazeti likaichapa. Septemba wakapishana barabarani Philadelphia. Adams akavua kofia na kuinama, na Dickinson akapita bila kusogeza kofia, kichwa wala mkono. Tunajua hayo kwa kuwa Adams aliyaandika kwenye shajara yake.

"Watu weusi hawakuwamo katika mazungumzo hayo"

Phillis Wheatley, aliyeletwa Boston kutoka Afrika akiwa mtoto na kuuzwa, alimpelekea Washington barua na shairi Oktoba 1775. Washington alimjibu Februari 1776, akiomba radhi kwa kukawia.

Nzito zaidi ni ya Benjamin Banneker, mtu huru wa Maryland aliyejifundisha elimu ya nyota. Tarehe 19 Agosti 1791 alimwandikia Thomas Jefferson, wakati huo waziri wa mambo ya nje, akaambatisha mswada wa kalenda yake ya nyota. Alimrudishia Jefferson maneno yake mwenyewe ya Azimio, kwamba watu wote wameumbwa sawa, kisha akamuuliza anawezaje kuyaandika hayo huku akiwashikilia watu utumwani. Jefferson alijibu tarehe 30 Agosti, kwa adabu, akasema mswada ameupeleka Paris. Banneker hakuzifungia kabatini. Barua zote mbili zilichapwa mwaka uliofuata.

Mwaka 1809 Jefferson, akimwandikia rafiki yake Joel Barlow, alisema akili ya Banneker ilikuwa ya kawaida sana. Hiyo nayo tunayo.