Umeme ukirudi, tangi lako linajua ni saa ngapi? Dhana potofu za mifumo ya kujiendesha

Iwe Mikindani, Ligula au Lindi mjini, kauli ni ileile: "Fundi, tangi langu la samaki ni otomatiki. Umeme ukikatika sina wasiwasi, ukirudi linaendelea pale lilipoishia." Haliendelei. Lingekuwa linaendelea, nusu ya mifumo inayoletwa kutengenezwa isingeletwa.

Arduino Uno, bodi ndogo inayoendesha mifumo mingi ya aina hii, haina saa. Inachojua ni milisekunde tangu iwashwe, basi. Umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa kumi alfajiri, kwa bodi ile saa kumi ndiyo sifuri. Programu iliyoandikwa "washa taa, zima baada ya muda wa saa kumi" itawasha taa samaki wakiwa wamelala. Iliyoandikwa "lisha ukiwaka, kisha kila baada ya saa kumi na mbili" ni mbaya zaidi: umeme ukicheza mara nne kwa siku, samaki wamemwagiwa chakula mara nne, kisicholiwa kinaoza, na asubuhi una amonia, sumu kwa samaki.

Dawa ni moduli ya saa ya DS3231 yenye kibetri chake. Lakini angalia, moduli nyingi za bei nafuu zina njia ya kuchaji betri, wakati CR2032 inayopachikwa humo si betri ya kuchajiwa. Ukiipa moduli volti 5, betri inaweza kuvimba. Ng'oa rezista ndogo iliyoandikwa 201 jirani na dayodi. Halafu tarehe ya mlo wa mwisho iandikwe kwenye EEPROM (kumbukumbu ya bodi isiyofutika umeme ukikatika), na bodi ikiamka iisome kabla ya kugusa kilishio. Iandikwe baada ya kulisha tu. EEPROM ya Uno imekadiriwa kuandikwa mara 100,000. Ukiweka programu iandike kila sekunde, unaimaliza kwa siku moja na kidogo.

Rilei nazo, yaani swichi ambazo bodi huzitumia kuwasha na kuzima vifaa. Moduli nyingi za bluu hunasa pini ya bodi ikiwa LOW (volti sifuri). Bodi inapoamka, ukitangulia kuitangaza pini kuwa OUTPUT, inaanza ikiwa LOW, rilei inalia "tik", na pampu ya kuongeza maji au ya dawa inarusha kidogo. Umeme ukirudi mara moja hutaona kitu. Ukirudi na kuondoka mara sita ndani ya nusu saa, utaona. Andika digitalWrite HIGH kwanza, ndipo pinMode, na uweke rezista ya kiloohm 10 kutoka pini kwenda kwenye volti ya bodi. Kwa ESP32, bodi nyingine ya aina hii, usifunge rilei kwenye pini 0, 2, 5, 12 wala 15. Hizo zina kazi zake bodi inapowaka.

Jambo ambalo karibu kila mtu hulifunga kinyume ni upande wa rilei. Filta na pampu ya hewa zifungwe upande wa NC (unaopitisha umeme rilei ikiwa imelala), ili bodi ikifa au programu ikiganda ziendelee kufanya kazi. Hita, kilishio na pampu ya kuongeza maji zifungwe NO (unaopitisha umeme rilei ikinasa tu), ili bodi ikifa nazo zilale. Ni skrubu moja tu inahama, lakini ndiyo tofauti ya kukuta samaki wazima ukitoka safari na kukuta harufu.

Na kihisi cha joto, DS18B20. Kikipata umeme, kabla hakijapima kinasoma nyuzi 85. Waya ukikatika, maktaba ya programu inayotumiwa na wengi inarudisha -127. Programu isiyokagua hayo inaona -127, inaamua maji ni barafu, inawasha hita na kuiacha. Weka sharti: kisomo chochote chini ya 15 au juu ya 40 kitupwe, na vikifuatana vitano vya hivyo hita izimwe na kengele ilie. Usisahau rezista ya kiloohm 4.7 kati ya waya wa data na wa volti. Bila hiyo utaiona -127 kila siku na kulaumu kihisi.

Umeme wenyewe ukiwa haupo, samaki wanahitaji hewa, si taa. Maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni kidogo kuliko ya nyuzi 25, na bakteria wa filta nao wanaivuta. Pampu ya hewa ya volti 12 inayokula wati 5, na betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 7: jumla ni wati-saa 84, tumia nusu tu usiiue betri, unapata saa nane. Kufunga tangi zima kwenye UPS ya kompyuta ni kununua dakika chache kwa pesa nyingi.

"Hita ni lazima." Kwa nani? Tangi la ndani ya nyumba Mtwara, Novemba hadi Machi, tatizo lake ni joto kuzidi. Pima wiki mbili kwanza, mchana na usiku, ndipo ununue. Wengi watagundua wanahitaji feni ya kompyuta ya volti 12 ikipuliza juu ya maji kwa mshazari. Hushusha nyuzi mbili hadi tatu hewa ikiwa kavu, na pungufu ya hapo msimu wa mvua unyevunyevu ukitawala. Hita iweke kama kipupwe kinakugusa kweli, na iwe na kikomo chake mbali na rilei yako, kwa sababu rilei nazo hushikana zikabaki zimewaka.

Feni inakausha maji, na hapo ndipo watu wa pwani wanapojiloga. "Bahari ipo hapo Shangani, bure, najaza na maji ya bahari." Kinachopanda hewani ni maji matupu, chumvi inabaki. Chukua tangi la lita 200 lenye gramu 35 za chumvi kwa lita, linapoteza lita 4 kwa siku. Ukirudishia kwa maji ya bahari, unaongeza gramu 140 za chumvi kila siku. Siku ya kumi uko gramu 42 kwa lita, huku kiwango cha maji kikionekana kizuri ajabu. Pipa la kuongezea linakaa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyoondolewa klorini. Weka swichi mbili za boya mfululizo, ya pili juu kidogo kama ulinzi, na programu isiruhusu pampu izidi sekunde 60 kwa mara moja. Mdomo wa mpira uning'inie hewani juu ya maji. Ukizama, pampu ikizimwa maji yanajivuta yenyewe kurudi kwenye pipa, au kutoka pipani hadi sakafuni.

"Mfumo utaniambia maji yakichafuka." Hapana. Kipimo cha bei nafuu cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) hakijui amonia ni nini. Nunua vipimo vya matone, badili maji.

"Kipima pH nakiacha ndani, kazi kwisha." Kisahihishe kila mwezi kwa myeyusho wa 4 na 7, au 7 na 10 kwa tangi la bahari. Hutumika mwaka mmoja hadi miwili, kikikauka kinakufa, na kikihifadhiwa kihifadhiwe kwenye myeyusho wa KCl (kloridi ya potasiamu), si maji ya betri. Kukiunganisha moja kwa moja na pampu ya dawa ni kumkabidhi mlevi funguo.

"Kihisi ni cha chuma kisichoshika kutu." Cha maji baridi, ndiyo. Kwenye maji ya bahari kile kimrija huota madoa ya kahawia na maji kuingia kwenye waya. Kivishe mpira wa kusinyaa na silikoni ya matangi. Bodi nayo isikae juu ya tangi. Itie kwenye boksi la plastiki ubavuni, viungio vya lehemu vipakwe rangi ya kucha isiyo na rangi tabaka mbili, bandari ya USB na skrubu za rilei ziachwe bila kupakwa. Kila waya unaotoka tangini ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, na soketi yenyewe itoke kwenye kikatio cha mvujo cha miliampea 30.